Ujuzi hukaa wapi? Kujifunza kwa ushirika wa kazi katika Katanga, toka tanuri la mukuba hadi mtandao

1. Utangulizi

Ujuzi hauzeeki, walisema wahenga. Methali hii hutumiwa mara nyingi kumsifu mzee ambaye mikono yake bado inakumbuka kazi aliyojifunza ujanani. Lakini historia ya Katanga inatulazimisha kuitazama upya. Ujuzi wa kuyeyusha mukuba, yaani shaba, uliodumu katika nchi hii kwa karne nyingi, ulitoweka katika muda usiozidi umri wa mtu mmoja. Haukuzeeka; ulikufa. Wala haukufa kwa sababu hakuna aliyeuandika, maana uliandikwa. Ulikufa kwa sababu wale waliokuwa wakiufanya pamoja walitawanyika.

Katika makala hii tunakusudia kuchunguza swali moja: ujuzi hukaa wapi? Je, hukaa kichwani mwa mtu, kitabuni, au katikati ya watu wanaofanya kazi pamoja? Swali hili halihusu watu wa kale tu. Leo vyuo vikuu vyetu vinahimizwa kufundisha kwa njia ya intaneti, na wengi huamini kwamba masomo yakishapelekwa kwenye mtandao, elimu nayo imepelekwa. Tunaonelea kwamba kabla ya kuikubali au kuikataa imani hiyo, yafaa kwanza tuulize jinsi watu wa nchi hii walivyojifunza kazi zao.

Tutatumia neno ushirika wa kazi. Hatuna maana ya chama cha ushirika kinachouza mazao ya wakulima. Tuna maana ya watu waliofungwa pamoja na shughuli moja, wanaoijua kwa viwango mbalimbali, na wanaofunzana kwa kuifanya. Dhana hii ilienezwa na Jean Lave na Etienne Wenger katika kitabu walichokitoa mwaka 1991, na Wenger akaipanua katika kitabu chake cha mwaka 1998. Kwa jina la Katanga tutamaanisha eneo lote lililogawanywa mwaka 2015 kuwa mikoa minne, na ambalo kati ya mwaka 1971 na 1997 liliitwa Shaba.

2. Wala-mukuba

Mukuba ni mali ya zamani sana katika nchi yetu. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofanya kazi huko Sanga, karibu na ziwa Kisale, mwaka 1957 na 1958, walikuta makaburi yenye mapambo ya shaba na vyuma vilivyofuliwa kwa ustadi mkubwa. Katika makaburi ya nyakati za baadaye palikutwa pia misalaba midogo ya shaba, ambayo wataalamu wanakubali kwamba ilifikia kutumika kama fedha. Misalaba hiyo haikusahauliwa: mwaka 1960, Katanga ilipojitenga, mitatu iliwekwa kwenye bendera yake.

Mabingwa wa kazi hii waliitwa wala-mukuba. Katika lugha zetu nyingi kula si kutafuna tu; ni kupata, kumiliki, kufaidi. Mtu hula ufalme, hula urithi, naye bingwa wa tanuri hula mukuba. Padri wa Kibenedikto Jean-Félix de Hemptinne, aliyepata kuwa askofu wa Elisabethville, alichapisha maelezo ya kazi yao mwaka 1926. Kwa sababu ya maelezo hayo na mengine ya wakati ule, tunajua mpango wake kwa jumla.

Kazi ilifanyika wakati wa kiangazi, mtama ulipokwisha kuvunwa. Kijiji kizima kilihamia karibu na machimbo. Wanawake na watoto waliokota mawe ya kijani yaliyolala juu ya ardhi, na wanaume walichimba mashimo kufuata yale yaliyofichika. Wengine walikata miti na kuchoma makaa. Matanuri yalijengwa kwa udongo wa vichuguu, kwa kuwa udongo huo hustahimili moto. Mivukuto ya ngozi ilipuliza hewa, na wimbo wa wavukutaji uliweka mwendo wa mikono. Juu ya kazi hii yote alisimama bingwa, ambaye pia ndiye aliyejua dawa na miiko. Haikuwa kazi ya kila mtu kuingia katika mduara wake. Mtu alipokelewa, alilipa, alifundwa.

Tutazame mpango huu kwa jicho la mwalimu. Mtoto aliyeokota mawe pamoja na mama yake hakuwa darasani, lakini kila jiwe alilolileta lilipokelewa au lilitupwa, na hivyo jicho lake lilizoea kutofautisha. Kijana aliyechoma makaa alijua baadaye, tanuri lilipokataa kupata moto, kwamba kosa lilikuwa lake. Mvukutaji alikaa hatua chache tu kutoka kwa bingwa, akisikia anachokiamuru na kuona rangi ya moto inayomfanya aamuru hivyo. Kila mmoja alifanya kazi ya kweli, yenye faida ya kweli, na kutoka mahali alipokuwa aliweza kuona kazi iliyomzidi. Hakuna aliyefundishwa kuyeyusha shaba kwa ujumla. Kila mtu alisogea, kiangazi baada ya kiangazi, kutoka ukingoni kuelekea katikati.

Ushirika huu haukujifungia usipokee wageni. Katikati ya karne ya 19 alifika Mwenda, anayejulikana zaidi kwa jina la Msiri, pamoja na wenzake kutoka Unyamwezi, akaanzisha dola la Wayeke lenye makao huko Bunkeya. Hutajwa mara nyingi kwamba Wayeke waliingiza ufundi wa kuvuta shaba kuwa nyuzi za vikuku. Pamoja nao na pamoja na wafanyabiashara wa misafara kikaja Kiswahili. Kwa hiyo lugha tunayoiandika hapa na ufundi wa nyuzi za shaba vilisafiri katika njia ileile, na vyote viwili vilifika vikiwa mikononi na midomoni mwa watu, si katika vitabu.

Kisha yakaja mabadiliko makuu. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Kapteni Stairs. Mwaka 1906 ilianzishwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, na mwaka 1911 tanuri kubwa la Lubumbashi lilimwaga shaba yake ya kwanza. Machimbo yakawa mali ya kampuni. Kiangazi kilipofika, kijiji hakikuwa tena na mahali pa kuhamia. De Hemptinne alipoandika maelezo yake, alikuwa akiwasikiliza wazee wa kazi iliyokwisha kukoma.

Hapo tunakutana na fumbo. Maelezo yapo: udongo gani, makaa gani, hatua zipi. Hata hivyo hakuna aliyekuwa bingwa kwa kuyasoma. Maandishi yamehifadhi habari za kazi, lakini rangi ya moto, sauti ya mvukuto unaoelekea kupasuka, na ujasiri wa kusema sasa fungua, hivyo havikupata mtu wa kuvipokea.

3. Washonaji wa Monrovia

Ili kulielewa fumbo hili vema, inafaa tutoke kidogo nje ya Kongo. Kati ya mwaka 1973 na 1978, Jean Lave, mwanaanthropolojia wa Marekani, alikwenda mara kadhaa Monrovia, mji mkuu wa Liberia, kuchunguza jinsi washonaji wa makabila ya Vai na Gola walivyowapata mafundi wapya. Yafaa wasomaji wetu wakumbuke jambo hili: nadharia ambayo leo inafundishwa katika vyuo vya Ulaya na Marekani kama jambo jipya ilizaliwa, kwa sehemu kubwa, kwenye vibaraza vya washonaji wa Afrika.

Lave alikuta kwamba mwanagenzi hakuanza kwa kujifunza hatua ya kwanza ya kushona nguo. Alianza na ya mwisho. Kwanza alipiga pasi, alitia vifungo, alikunja na kushona pindo. Baadaye alishona vipande vilivyokwisha kukatwa. Kukata kitambaa, ambako katika kutengeneza nguo ndiko kunakotangulia, kulikuja mwisho. Tena alianza na kofia na nguo za ndani na za watoto kabla ya kufikia suti.

Hekima ya mpango huu ni dhahiri. Kifungo kilichotiwa vibaya hung'olewa kikatiwa tena, hasara hakuna. Kitambaa kilichokatwa vibaya kimeharibika. Lakini kuna zaidi. Mwanagenzi anayepiga pasi suruali iliyokamilika anajifunza jinsi suruali njema inavyokuwa. Anapofika kwenye vipande, anajua vinakoelekea. Anapofika kwenye mkasi, ameelewa tayari kwa nini kitambaa kinakatwa hivi na si vile. Na katika muda huo wote, uliokuwa wastani wa miaka mitano, hakupewa mitihani wala mihadhara mirefu. Hata hivyo karibu wote waliobaki walikuwa mafundi.

Lave na Wenger waliita hali hii ushiriki halali wa pembeni. Maneno hayo matatu yana uzito sawa. Ushiriki: mtu anafanya kazi yenyewe, si mazoezi ya kuiga kazi. Pembeni: anaanza mahali ambapo kosa lake halibomoi kitu. Halali: wenzake wanamtambua kuwa mmoja wao, na njia ya kuelekea katikati iko wazi mbele yake. Kikikosekana kimoja, kujifunza hudhoofika.

Waandishi hao hawakuficha mifano mibaya. Walitaja uchunguzi uliofanywa Marekani juu ya vijana waliojifunza kazi ya bucha katika maduka makubwa. Vijana hao waliwekwa kwenye meza ya kufungia nyama, nayo meza hiyo ilikuwa mahali ambapo hawakuweza kuwaona mafundi wakikata. Walikuwa ndani ya duka, walikuwa na kazi, walilipwa. Lakini walinyimwa kuona. Miaka ikapita nao wakabaki wafungaji.

4. Pembeni pasipo na njia

Mfano huo wa meza ya kufungia nyama unatupa ufunguo wa kuelewa sura nyingine ya historia yetu. Union Minière haikuwa kampuni isiyofundisha. Tangu mwaka 1928 hivi, ilipoanza siasa ya kuwakalisha wafanyakazi na jamaa zao katika kambi zake, ilihitaji watu wanaojua kazi na wanaodumu nayo. Shule za kambini ziliwekwa mikononi mwa wamisionari Wabenedikto, na vijana wakafundishwa katika karakana kuwa mafundi wa vyuma, wa mbao na wa mitambo. Kiswahili kikawa lugha ya amri, ya mafunzo na ya maisha ya kambi. Wengi kati ya wasomaji wa jarida hili ni wajukuu wa wafanyakazi hao.

Kulikuwa na ushirika wa kazi kweli. Mchimbaji aliyefika toka Kasai au Rwanda alifunzwa na waliomtangulia, kwa Kiswahili alichokuwa akijifunza papo hapo. Katika kazi ya namna hiyo, lugha na ufundi vilishikana hata ikawa vigumu kuvitenganisha: jina la chombo lilijulikana pamoja na uzito wake mkononi.

Lakini tukiuliza juu ya uhalali, jibu ni chungu. Mfanyakazi Mwafrika aliweza kusogea mpaka mahali fulani, na hapo njia ilikatika. Michoro, hesabu za gharama na maamuzi makubwa vilikuwa katika chumba kingine, nyuma ya mlango ambao rangi ya ngozi iliufunga. Chuo kikuu cha serikali hapa Elisabethville kilifunguliwa mwaka 1956, miaka minne tu kabla ya uhuru. Kwa hiyo tarehe 30 Juni 1960 nchi ilikuwa na maelfu ya watu waliojua kuendesha tanuri, na karibu haikuwa na mtu aliyeruhusiwa kujua kwa nini tanuri liliendeshwa hivyo. Walikuwa wamewekwa kwenye meza ya kufungia nyama.

Tunalisisitiza jambo hili kwa kuwa siku hizi baadhi ya watu wanausifu ushirika wa kazi kama dawa isiyo na madhara. Sivyo. Ushirika huweza kufundisha, na ushirika huohuo huweza kufunga mlango. Hata wala-mukuba wa zamani walikuwa na siri zao na malipo yao. Swali la kuuliza si kama watu wako pamoja tu, bali kama aliye pembeni anaona, na kama njia yake ya kuingia ni wazi.

5. Hangar na Mufwankolo

Mjini Lubumbashi penyewe tunayo mifano miwili ya ushirika uliozaa kazi kubwa nje ya kampuni na nje ya shule ya kawaida.

Wa kwanza ni ule wa wachoraji. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyojulikana kwa jina la Hangar. Hapo walichora Bela Sara, Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na wengine. Romain-Desfossés alikataa kuwafundisha sheria za uchoraji wa Ulaya. Aliwapa rangi, mahali na wakati, akawaacha watazamane. Bela alichora kwa ncha za vidole. Mwenze alijaza picha zake kwa mistari mifupi iliyoshikana. Pilipili alichora ndege, samaki na majani kwa subira ya ajabu. Watu waliokaa chini ya paa moja hawakufanana.

Hapa pia tusisifu bila kupima. Bwana huyo alikuwa na mawazo yake juu ya Mwafrika asiyeharibiwa na elimu, mawazo ambayo leo tunayaona ni ya kibaba na ya kubana. Alipofariki mwaka 1954, kazi ya Hangar iliunganishwa na chuo cha sanaa ambacho Laurent Moonens alikuwa amekianzisha mjini mwaka 1951, na Pilipili na Mwenze wakawa walimu humo. Jambo hili la mwisho ndilo linalotuhusu. Ushirika haukufa pamoja na mwanzilishi wake, kwa sababu waliokuwa wanafunzi walikwisha kupata nafasi ya katikati.

Mfano wa pili ni kundi la maigizo la Mufwankolo. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifundisha katika chuo chetu, alifuatana na kundi hilo likitayarisha mchezo juu ya methali isemayo kwamba ufalme huliwa mzima. Mchezo haukuandikwa. Waigizaji walikaa, wakajadili maana ya methali, wakagawana nafasi, wakajaribu, wakakosoana, wakajaribu tena. Maneno yalibadilika kutoka jaribio hadi jaribio, lakini mpango ulizidi kuimarika. Kwa mgeni ilionekana ni vurugu. Kwa wenyewe ilikuwa ni shule. Mwigizaji mpya aliyekaa katika mazungumzo hayo alijifunza jinsi mchezo unavyofikiriwa, kitu ambacho mtazamaji wa televisheni, aliyeuona ukiwa umekamilika, hakuweza kukipata.

Tofauti hiyo kati ya mchezo uliokamilika na mchezo unaotengenezwa ndiyo kiini cha makala hii. Tutairudia.

6. Elimu ya mbali kabla ya mtandao na baada yake

Kufundisha watu walio mbali hakukuanza na kompyuta. Mnamo mwaka 1840 Mwingereza Isaac Pitman alianza kufundisha hati mkato kwa barua. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilikubali kuwatahini watu ambao hawakusomea kwake. Katika Afrika ya Kusini, UNISA iligeuka kuwa chuo cha barua tangu mwaka 1946. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipewa hati yake mwaka 1969 na kikawapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971, na majirani zetu wa Tanzania walitunga sheria ya chuo kikuu huria chao mwaka 1992.

Vyuo huria hivyo viligundua mapema kwamba karatasi peke yake haitoshi. Ndiyo maana Waingereza hao waliweka wakufunzi wa kuwasaidia wanafunzi, vituo vya kukutania, na shule za kiangazi. Walijua kwamba msomaji aliye peke yake huchoka.

Mwaka 1997, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ulianza mradi wa Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, ambao baadaye ulipata makao Nairobi. Mihadhara ilirushwa kwa setilaiti hadi vyuo vya nchi mbalimbali. Mwaka 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitatoa bure mtandaoni maandishi ya masomo yake. Mwaka 2008 Stephen Downes na George Siemens walitoa kutoka Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, somo moja lililofuatwa na wanafunzi 25 hivi waliolipa na watu zaidi ya 2,000 wasiolipa. Shabaha yao ilikuwa kwamba washiriki wafundishane. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2011, somo la Chuo Kikuu cha Stanford juu ya akili bandia liliandikisha watu wapatao 160,000.

Idadi hizo zilishangaza dunia. Lakini tangu hapo imejulikana kwamba katika masomo makubwa ya aina hiyo wengi huandikishwa na wachache hufika mwisho, aghalabu chini ya mtu mmoja katika kumi. Si haki kusema kwamba wote walioacha walishindwa; wengine walichukua walichokitaka wakaenda zao. Hata hivyo mshonaji wa Monrovia angeuliza swali rahisi: katika hao wote, nani alipewa kifungo cha kutia?

Tofauti kati ya somo la 2008 na lile la 2011 ni ya kuzingatiwa. La kwanza lilijaribu kujenga ushirika. La pili, na mengi yaliyolifuata, yalichukua mhadhara wa zamani yakauongezea sauti na picha. Mtandao ulikuwa ni uleule. Namna ya kujifunza haikuwa moja. Kwa hiyo wanaosema kwamba mtandao unaua ushirika wa kazi wanakosea, na wanaosema kwamba mtandao unauleta wanakosea vilevile. Mtandao ni kama paa la Hangar: ni lazima kwanza watu waje wakae chini yake na kazi mikononi.

Kwetu Kongo swali hili lilibisha hodi kwa ghafula mwezi Machi 2020, wakati shule na vyuo vyote vilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19. Wengi wetu tulilazimika kutuma silabusi kwa simu. Tulizoea tayari kuuza silabusi za karatasi. Sasa zikapita hewani. Umeme ulikatika, bei ya mega ilikuwa juu, na simu moja ilitazamwa na wanafunzi wanne. Kila mtu alilalamikia mambo hayo, na kwa haki. Lakini mtu aliyechunguza vema aliona jambo jingine. Wale wanne waliokaa mbele ya simu moja, mmoja akisoma kwa sauti, mwingine akibisha, wa tatu akiandika, mara nyingi walielewa zaidi kuliko mwenye simu yake aliyekaa pekee. Umaskini wa vyombo uliwarudisha, bila kutaka, kwenye ushirika.

7. Hazina iliyo mbali

Mfano wa mwisho unatugusa sisi watu wa Kiswahili moja kwa moja. Mwaka 1965 André Yav alitoa hapa mjini historia ya Elisabethville kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani. Iliandikwa kwa Kiswahili cha Katanga, bila kufuata tahajia yoyote ya shule, ikachapwa kwa stensili. Fabian aliitoa upya mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo. Alieleza kwamba maandishi hayo hayasomeki kwa macho peke yake: sharti yasomwe kwa sauti, na msikilizaji awe mtu anayeijua lugha ya mji huu. Na katika kazi hiyo alisaidiwa na msikilizaji wa namna hiyo, Kalundi Mango wa Lubumbashi.

Tangu miaka ya mwisho ya 1990, Fabian na Vincent de Rooij wa Chuo Kikuu cha Amsterdam wameweka kwenye mtandao maandishi mengi ya Kiswahili cha watu wa Katanga, pamoja na historia hiyo ya Yav. Ni kazi ya kushukuriwa. Sauti za wazazi wetu, ambazo zingepotea katika kanda, zinaweza kusomwa popote.

Lakini tujiulize kama tulivyojiuliza juu ya maelezo ya de Hemptinne. Nani leo anayeweza kuyasoma maandishi hayo kwa sauti hata yakaeleweka? Wanaojua jinsi mpishi wa mzungu alivyotamka maneno ya Kifaransa ndani ya Kiswahili chake, au mzaha gani umefichwa katika jina la bwana fulani, ni wazee wa Kenya, wa Katuba na wa Kamalondo, na kila mwaka wanapungua. Hazina iko salama huko mbali. Ushirika wa kuisoma ndio ulio hatarini hapa karibu. Hatari yake ni ileile iliyoupata mukuba: kubaki na maelezo kamili ya jambo ambalo hakuna tena awezaye kulifanya.

8. Hitimisho

Tumeuliza ujuzi hukaa wapi. Mifano yetu inaonyesha kwamba haukai mahali pamoja. Sehemu yake imo kitabuni, sehemu imo mikononi mwa mtu, lakini uhai wake umo katika mwendo wa watu wanaotoka pembeni kuelekea katikati ya kazi. Mwendo huo ukikoma, kitabu hubaki na mtu huzeeka.

Kutokana na hayo, tunapenda kuwapendekezea wenzetu mambo matatu. Kwanza, tunapotumia mtandao tuanze na kikundi, si na maandishi. Wanafunzi watano wenye kazi moja ya kweli, kama vile kunakili kanda ya mzee mmoja na kuijadili, watajifunza sarufi zaidi kuliko mia wanaopakua silabusi. Pili, tuonyeshe kazi isiyokamilika. Mwalimu anayeweka mtandaoni rasimu yake iliyojaa masahihisho anamwondoa mwanafunzi kwenye meza ya kufungia nyama na kumpa nafasi ya kuona kisu kikikata. Tatu, maandishi ya Kiswahili chetu yaliyohifadhiwa ng'ambo yarudishwe, hata kwa simu moja, mbele ya wazee wanaoweza kuyasoma kwa sauti, na vijana wakae hapo wakiandika.

Kazi hii ya tatu haina muda mrefu. Matanuri ya udongo hayawezi kuwashwa tena na wale walioyajua. Wasomaji wa Yav bado wapo, mitaani kwetu, na wengi wao hawajawahi kuulizwa.